Dereva wa Kiti cha Nyuma

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nane kwa ishirini! Sijawahi kupata alama za chini hivyo. Madam Makena ameandika kwa wino mwekundu: "Gari linatoka Kitengela, linafika Kajiado salama. Kwa nini nisome?"

Mada ilikuwa "Safari Nisiyoisahau". Tuko arobaini na wawili darasani. Magari arobaini na moja yamebingirika. Dereva wa Resian, jirani yangu wa dawati, aliendesha "kwa kasi ya umeme", akaanguka mtaroni, na bado akapata muda wa kuwaaga watu wa kwao mmoja mmoja kabla ya kukata roho. Kumi na saba!

Wangu aliangalia vioo, akasimama kwenye kivuko, akamfikisha abiria. Si hiyo ndiyo kazi yenyewe?

"Kwani ungemuua tu wako ungepungukiwa nini?" Resian akaniuliza. "Ni wa karatasi."

Baba ni dereva. Siwezi kumuua kila muhula kwa ajili ya alama.

Jumanne, 10 Juni

Shindano la insha! "Kazi ya Mzazi Wangu". Bora kabisa itasomwa Siku ya Tuzo, Ijumaa ya wiki ijayo. Zawadi ni kamusi kubwa. Ninaitaka sana. Kamusi yangu ilipoteza kurasa za mwanzo, inaanza na "debe". Dereva yuko ukurasa uleule — kila nikiifungua, huyo.

Lakini kuna tatizo ambalo sijawahi kuliandika hata humu. Baba ni dereva ambaye haendeshi.

Aliajiriwa na Nyawira, binti ya Mzee Gakuru mwenye duka la saruji na mabati. Mzee haoni vizuri. Mwaka jana alisimamisha gari ampe mtu lifti, akambembeleza apande, kumbe ni tangi la maji. Nyawira akamnunulia Baba suti nyeusi na tai. Akamwambia, "Bwana Nalianya, siku nitasikia Baba yangu ameshika stiaringi, hapo kazi yako imeisha."

Mzee alisubiri binti yake aondoke. Kisha akanyoosha mkono. "Kijana, leta funguo." (Baba ana miaka arobaini na sita.)

Tangu Januari ni hivyo. Mzee anaendesha na gambuti zake, Baba anakaa nyuma na suti yake. Mwanzoni alikaa mbele, lakini alikuwa akikanyaga sakafu kama kwamba kuna breki, na Mzee akasema zinamvuruga. Wanabadilishana viti petroli stesheni kabla ya kufika kwa Nyawira.

Hata nyumbani Baba anakanyaga. Jana, kwenye taarifa ya habari, lori lilipita na mguu wake ukaruka. Chai ikamwagika.

Alhamisi, 12 Juni

Leo walikuwa waende Mashuuru kuona ng'ombe wa Mzee. Wakajikuta Entarara. Entarara! Mlima Kilimanjaro mbele yao. Baba anasema alitaja kona ya Mashuuru mara tatu, kwa heshima. Mzee hakukubali kwamba amepotea. Alishuka, akanunua vitunguu, akasema ndivyo walivyofuata.

Tuna gunia zima la vitunguu mlangoni. Mama haulizi tena maswali.

Nimeiandika insha. Yote — tangi, breki, vitunguu. Nimeandika kweli tupu kwa sababu mtu wa nane kwa ishirini hashindi, na ni Madam pekee atakayeisoma.

Jumatatu, 16 Juni

Madam Makena alicheka hadi akaishika meza. "Nalianya, hakuna aliyekufa na nimesoma mara mbili!" Nimeshinda! Nitaisoma ukumbini!

Halafu gwaride. Mwalimu mkuu akatangaza mgeni rasmi wa Siku ya Tuzo: Mzee Gakuru, aliyetuchangia saruji ya bwalo jipya. Binti yake pia atakuja.

Resian, niliyekuwa nimempa insha aisome, akanigeukia, macho kama sahani. "Woi, Maryanne. Babako amekwisha."

Jumatano, 18 Juni

Nimeandika insha nyingine, ya tahadhari. Ndani yake Baba anaendesha mwenyewe, vizuri sana, halafu gurudumu linapasuka karibu na Isinya. Nimemuua aya ya tatu. Nimelia kidogo, kisha nikasahihisha tahajia.

Jioni nikamwonyesha Baba zote mbili. Alianza na ile ya kweli. Nilimwangalia mguu tu. Ulikanyaga pale kwenye tangi, na tena Entarara.

Kisha akasoma ya ajali.

"Nimekufa vizuri," akasema.

"Pole, Baba."

"Hapana, asante. Angalau hapa umeniachia stiaringi. Tangu Januari sijaendesha zaidi ya kutoka petroli stesheni hadi kwa Nyawira."

Nikamuuliza nisome ipi. "Mimi siku hiyo niko kazini," akasema. "Wewe ndiye utakuwa mbele. Mtu wa mbele ndiye anaangalia barabara."

Alikwenda kulala. Hilo si jibu!

Ijumaa, 20 Juni

Naandika ukumbini, mstari wa mbele. Daftari liko nyumbani. Hii karatasi nitaibandika baadaye. Haraka haraka —

Walichelewa. Hawakubadilishana viti! Gari liliingia lango la shule Mzee akiwa kwenye usukani, likapanda ukingo wa maua, likasimama. Askari akafungua mlango wa nyuma. Akaona suti na tai. Akapiga saluti.

Maskauti wakamvisha Baba shada la maua. Mwalimu mkuu, ambaye hajawahi kumwona Mzee, akamshika mkono kwa mikono miwili: "Karibu sana, Mzee Gakuru!"

Baba akasema, "Mwalimu, mimi ni dereva tu."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mwalimu mkuu ameshairudia kwenye maikrofoni: "Tajiri mzima anajiita dereva! Wanafunzi, huo ndio unyenyekevu!"

Mzee naye aliambiwa, "Wewe dereva, peleka gari kule nyuma, halafu uende jikoni upewe chapati." Nilidhani atakasirika. Akaenda! Namwona kupitia dirisha. Ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, gambuti miguuni, chapati mkononi, anawasimulia wapishi jambo na wanacheka. Sijawahi kumwona mwenye furaha hivyo.

Baba yuko jukwaani katikati. Ametanguliziwa soda. Hajui aifanyie nini.

Nyawira amefika sasa hivi. Amekaa viti viwili kutoka kwangu. Amemtazama Baba. Ametazama shada. Ametazama mlangoni, kisha viti vyote, anamtafuta baba yake.

"Samahani, mtoto," ameninong'oneza, "yule juu si dereva wetu?"

"Ndiyo, auntie."

"Na Mzee yuko wapi? Nani ameleta gari?"

Nimesema, "Insha yangu itaeleza." Sijui imenitoka wapi! Ananitazama tu. Hajakasirika bado. Anasubiri.

Madam Makena ameshika maikrofoni. Anasema insha hii ni ya pekee kwa sababu gari halibingiriki hata mara moja. Wazazi wanacheka. Anataja kichwa cha insha: "Dereva wa Kiti cha Nyuma". Nyawira amekisikia, amekaa wima.

Nimegundua kitu. Karatasi ninayoandikia ni ile ya ajali. Nimeijaza nyuma yote na sasa nateremka pembeni, juu ya aya ya tatu. Haisomeki tena. Ya kweli iko kwenye mkono wa kushoto, haina hata mkunjo.

Madam anasema, "Nalianya, njoo mbele."

Baba amesikia. Uso wake umetulia kama wa mgeni rasmi. Lakini kitambaa cha meza hakifiki chini, na mimi ninauona mguu wake wa kulia. Anakanyaga. Anakanyaga kwa nguvu zake zote.

Nasimama