Muzee, Linyiti Ilikuwa Upande wa Shule

Muzee,

Nakuandikia kutoka chumbani kwangu Murara, kwenye meza yako. Mke wako, ambaye hata mimi namwita Mama, ndiye aliyenipa meza hii, pamoja na madaftari yako yote. Kuna jambo sikukuambia ulipokuwa hai, kwa sababu sikulijua.

Unakumbuka siku ya kwanza uliponipeleka bondeni kule Rutshuru? Nilikuwa nimetoka chuoni na diplome ya jiolojia, nikidhani najua. Ukachukua udongo, ukaniambia, "Mutoto, tia kidogo katikati ya meno." Nikadhani unatania. "Tia! Ukikwaruza, ni muchanga, muto ulipita hapa. Ukiteleza kama siagi, hapa maji yalitulia." Nikatafuna, na wanawake waliokuwa wanapita na bidoni za maji wakacheka mpaka mmoja akamwaga yake. Ulikuwa unatafuta kinamasi cha zamani sana, ambacho miti yake ilizikwa chini ya matope ikageuka linyiti, makaa ya kahawia ya ardhini. Ulitaka wanawake wale wapate cha kupikia bila kufuata makala, mkaa wa miti, msituni kwa watu wa bunduki, ambako wengine walienda wasirudi.

Kijijini watu walikuwa wanachimba visima viwili, kimoja kanisani, kingine shuleni. Udongo wa kijivu wenye alama za majani, ule unaofunika linyiti, ulikuwa karibu juu kwenye kisima kimoja, na mbali chini kwenye kingine. Tabaka lilikuwa limeinama. Tulipaswa kuchimba upande linakopandia, na daftari lilisema ni kanisani. Wanaume wakachimba nyuma ya kanisa wiki tatu. Mchanga tu, kisha maji yakawafukuza. Mwenye shamba lile tulilochimba akasema mbele ya wote, "Huyu muzee ametuchimbisha kaburi la bure."

Ulifuta miwani, ukapanda pikipiki. Daftari lile hukulifungua tena, na ugonjwa ulipokuja ulikukuta umeshachoka.

Muzee, ni mimi. Mvua ilikuwa inanyesha, wewe ukinitajia vipimo kutoka shimoni, nami nikaandika kanisa penye shule na shule penye kanisa. Niliona mwezi uliopita, nilipolinganisha daftari na mifuko ya udongo wa visima vile, uliyoiandika jina la kila kisima kwa mkono wako. Nilikaa chini, sakafuni. Nikaisoma mifuko upya, mmoja mmoja.

Nikaenda Munigi kwa Mama. Nilifikiri atanifukuza. Akaendelea kumenya viazi, halafu akasema, "Alikufa akifikiri hajui kazi yake."

Viazi viliisha kwenye beseni.

"Basi nenda uwaambie wale watu," akasema. "Usije kuniambia mimi peke yangu."

Njia ya Rutshuru, iliyokuwa imefungwa na vita, ilipofunguka, nikaenda. Nilisimama mbele ya mwenye shamba na wale waliochimba, nikasema kosa lilikuwa langu, si la Muzee. Nilingoja matusi. Wawili wakaenda kuleta sepeto.

Tulichimba upande wa shule. Siku ya nne tukafika kwenye udongo wa kijivu, nikautia mdomoni, ukateleza. Na chini yake, Muzee, linyiti! Kahawia, nyepesi, bado ina nyuzi za mti. Si nene, ukisimama ndani inakufika magotini. Ukiiwasha inatoa moshi mwingi, na sijui kama itafaa jikoni. Hilo nimewaambia wazi, maana nawe ungewaambia. Lakini ipo. Mwenye shamba aliokota bonge moja, akalishika muda mrefu, akavua kofia. "Tulimukosea muzee," akasema.

Pumzika sasa. Ripoti ya kazi yetu naimaliza wiki hii. Jina lako litakuwa juu kabisa, na penye maelezo ya kosa nitaandika la kwangu. Nakala ya kwanza nitampelekea Mama, nimsomee yote, neno kwa neno, hata akiwa anamenya viazi.

Kwaheri, Muzee wangu.

Mwanafunzi wako,
Furaha