Kibao Chekundu

Jumanne

Sikujua. Lakini hilo halinipunguzii kitu.

Kazi yangu ni kushika kibao hapa Msambweni, magari yapite kwa zamu upande mmoja wakati upande wa pili unapanuliwa. Leo msimamizi alikuwa amegomba kwamba foleni imezidi. Basi wanaume waliobeba jeneza walipotaka kuvuka, niliwageuzia kibao chekundu. Wakasimama.

Mzee mmoja akaniambia kwa upole, "Mwanangu, maiti hangojeshwi."

Kwetu bara maiti hukaa hata wiki mbili.

Nikayasimamisha magari. Walipokwisha kupita nikamuuliza aliyekuwa nyuma kabisa ni nani aliyefariki.

Bi Mwanasha wa nyumba ya kando ya barabara, aliyekuwa akiniletea maji kila adhuhuri. Siku tatu hizi alizolala mgonjwa nilikuwa nimemnunia moyoni, nikidhani amenisahau.