Karatasi Niliyoisahau Kwenye Mashine ya Mahakama

Mshauri wangu mpendwa, nishike mkono kabla Ijumaa haijafika. Nina wiki saba tu za ndoa na hadi leo nikisikia mume wangu anafungua mlango moyo unanienda mbio, mwanamume mpole huyo, havuti hata sigara, ila majirani wanamtania "Mganga wa Bangi" kwa kuwa anakusanya saini ili bunge libadili sheria ya bangi kwa wagonjwa. Mama yake aliugua saratani, dawa zikashindwa kutuliza maumivu, kilichompa usingizi ni chai ya majani yale, na mume wangu aliyemletea akawekwa rumande siku tisa, mama akafariki yeye akiwa ndani. Ukimsikia akiuliza, "Mke wangu, hebu niambie, mama alikuwa mhalifu gani?" utasaini hata kama hukutaka.

Sasa mimi ni karani wa mahakama, na kwa mapenzi tu nikatoa nakala mia mbili za fomu zake kwenye mashine ya ofisi wenzangu wakila mchana, nikamwambia nimetoa dukani, akaninyanyua juu juu pale jikoni tukacheka. Kumbe ile fomu ya kwanza niliiacha chini ya kifuniko, na msajili akaikuta. Ufunguo wa chumba cha mashine hukaa na tarishi wetu, tunamwita Babu, amebakiza miezi mitano astaafu. Msajili akamwambia mbele yetu, "Mwenye karatasi hii ajulikane kufikia Ijumaa, la sivyo ni wewe." Babu akajibu, "Bosi, miwani yenyewe sina, hayo ya bangi nitayasoma saa ngapi?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Siku ile ufunguo aliniazima yeye, nadhani amesahau. Nikisema ukweli nafukuzwa, na wapinzani watadai kampeni ya mume wangu inaiba mali ya serikali, wiki ileile anayopeleka saini bungeni. Nifanyeje, na nampenda hivi?

Bibi Harusi

Mwanangu, hongera kwa ndoa, na pole. Lakini hapo ulipocheka umenikera. Babu hajasahau chochote. Anajua nani alichukua ufunguo, na anakusubiri wewe useme.

Kuhusu sheria, mimi naona mumeo ana haki: mgonjwa wa maumivu yale si mhalifu, wala anayemuuguza. Ila hawezi kusimama bungeni akitetea wanaoonewa huku mzee wa watu anafukuzwa kwa ajili ya fomu zake.

Mwambie mumeo leo, kabla hamjala. Atanuna, mwache anune. Nakala zile za mali ya ofisi ziwekwe kando, saini zikusanywe upya. Sheria imekaa miaka, itangoja mwezi. Kesho ingia kwa msajili mwenyewe, bila mume na bila machozi, useme, "Nakala nilizitoa mimi, mume wangu hakujua." Kazi huenda ikaondoka kweli, sikudanganyi.

Ukitoka humo usikimbilie kukusanya vitu vyako. Mtafute Babu, umwamkie, umwombe radhi wenzako wakisikia, wale wale mliocheka nao.