Nani Anailegeza Barakoa ya Baba?

Jumatatu, 3 Machi

Sijamwambia mtu, nakwambia wewe tu, daftari langu: namshuku shangazi. Nadhani anaiharibu mashine ya baba makusudi.

Haya, nimeandika.

Baba anakatika pumzi usingizini. Anakoroma, ananyamaza, ananyamaza mno — halafu anashtuka kama mtu aliyeopolewa majini. Mama alihamia chumbani kwangu zamani kwa sababu hiyo. Mwezi uliopita baba alisinzia kwenye foleni ya mizani, lori limejaa petroli. Madereva wenzake wakampigia honi huku wakicheka. Bosi hakucheka. Alichukua funguo, akampeleka kwa daktari. Hatarudishiwa lori mpaka mashine ionyeshe analala vizuri.

Mashine yenyewe ni kisanduku, bomba, na barakoa ya kufunika pua na mdomo. Inampulizia hewa ili koo lisizibe. Asubuhi kwenye kioo chake kunatokea uso: ukicheka, hewa imefika, ukinuna, imevuja. Kila siku unanuna! Na anayemvalisha ni mimi. Nimemaliza shule, sina kazi, nikaambiwa hii ndiyo kazi yangu. Nimeipokea kwa moyo wote. Ndiyo maana inaniuma.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Anaishi kwetu tangu afiwe na mumewe, analala sebuleni, jirani kabisa na mlango wa baba. Mashine haipendi, na hafichi. Leo amesema kaka yake si trekta, tumemtia bomba la nini? Kila jioni anampaka dawa ya kuchua puani, ati hewa ya Mungu ipite. Mbona baada ya hapo barakoa inateleza kama samaki? Mimi nauliza tu.

Jumanne, 4 Machi

Tumekwenda kliniki, mimi na baba. Dada anayeshughulika na mashine aliniambia nimvalishe baba mbele yake. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikavuta mikanda, baba ananihimiza kama kawaida yake, "Kaza, mama, kaza! Mzigo usiokazwa humwagika njiani."

Yule dada alicheka mpaka akashika meza. "Sasa hapo mnafunga mtu au mnafunga turubai?"

Kumbe ndivyo tulivyokosea. Ukikaza sana, ukingo wa mpira unajikunja na hewa inatoka pembeni. Baba alale kwanza, mashine iwashwe, barakoa ivutwe mbele kidogo ili mpira ujae hewa, ndipo mikanda ifungwe — polepole, kidole kipite chini yake. Ndevu zinyolewe. Na mafuta usoni, marufuku!

Hapo kwenye mafuta nilimtazama baba. Akatazama dirishani.

Dada akasema jambo jingine, safari hii hacheki. Kila pumzi inapokatika moyo unabeba mzigo usio wake. Umri wa baba si wa kuuchezea moyo.

Jumatano, 5 Machi

Sikuweza kumwambia shangazi kuhusu mafuta. Nilimnong'oneza mama. Mama ndiye aliyesema.

Shangazi: tangu lini dawa yangu imekuwa sumu? Huyu nimempaka mafuta tangu anatambaa, wewe wifi ulikuwa hujui hata kama yupo duniani!

Mama: ndiyo, na sasa anajua kutembea, asante.

Nilicheka ndani ya kikombe. Shangazi akaniona. "Bi Kimya naye ana meno, kumbe."

Alhamisi, 6 Machi

UNACHEKA! Uso unacheka!

Nilikimbia nao — yaani niliibeba mashine nzima mpaka jikoni kumwonyesha mama. Mama akapiga kigelegele, majirani wakauliza kuna harusi? Shangazi akasema mh. Mh tu.

Baba alikiangalia kile kioo muda mrefu. Akasema, "Alaa." Akaenda kunawa. Sikutegemea hivyo. Labda na yeye ana haya, labda nimerithi kwake.

Jumamosi, 8 Machi

Umenuna tena. Jana na leo.

Ndevu hakuna. Mafuta hakuna, nimempangusa uso mwenyewe. Nimefunga vile vile nilivyofundishwa, nikasikiliza, haikuvuja hata chembe. Basi jana nilitia alama. Nilishona uzi mwekundu kwenye kila mkanda, pale kinapoishia kifungo chake. Asubuhi vifungo vilikuwa mbali na uzi. Upande wa kushoto, mbali kabisa.

Mkanda haujilegezi wenyewe. Kuna mkono.

Na nani huamka kabla ya wote, akampelekea baba chai? Nani alisema mh? Kikulacho ki nguoni mwako — huwa naona methali hiyo ni ya wazee wanaopenda kulalamika. Leo nimeielewa.

Lakini kwa nini? Labda anataka baba asirudi barabarani, abaki nyumbani, amkalie kama kuku kwenye mayai. Sijui. Ananiita Bi Kimya, hajui kwamba mkimya huona.

Jumapili, 9 Machi

Nimeharibu. Au nimetengeneza? Sijui bado.

Nilimwuliza mama swali moja dogo, nani huingia kwa baba kabla hatujaamka? Nikamwonyesha uzi. Mama si kama mimi. Aliondoka na ile barakoa mkononi, mikanda inaning'inia, akamkuta shangazi anachambua mchele. Akauliza mbele ya baba, "Dada, mume wangu amekukosea nini?"

Nilingoja kelele. Hazikuja. Shangazi aliutazama ule uzi mwekundu, akanitazama mimi (mshono wangu anaujua, yeye ndiye aliyenifundisha), kisha akamtazama baba. Baba anachezea kijiko.

Shangazi akasema, "Sawa, wifi." Akaendelea kuchambua mchele.

Mama anasema huko ndiko kukiri. Mbona mimi sijafurahi?

Jumatatu, 10 Machi

Si shangazi.

Si shangazi, si shangazi.

Dada wa kliniki alisema baba aizoee barakoa hata mchana. Baada ya chakula nilimfunga, akajinyoosha, nikatoka. Nikarudi na nguo nilizopiga pasi. Mlango haukuwa umefungwa vizuri. Baba alikuwa macho. Vidole vyake viko kwenye kifungo cha kushoto, anakivuta taratibu, taratibu, mpaka hewa ikaanza kulia fyuuu. Hapo akafumba macho.

Shati moja lilinianguka. Akaniona.

"Funga mlango, mama."

Nilifunga. Akavua barakoa, na ule mstari mwekundu usoni ukambakia. Akaniambia kitu ambacho hajamwambia hata mama. Siku ile ya foleni haikuwa ya kwanza. Kabla yake, kwenye mteremko, alifumbua macho akakuta lori liko upande usio wake na mwanamke mwenye mtoto mgongoni anakimbilia mtaroni. Hakumgusa. Aliendesha mpaka alipofika, akashusha mafuta, akatia saini, akala. Mpaka leo akiziona funguo mikono inatoka jasho.

Nikasema, lakini ukipona hutasinzia tena, baba. Akasema anajua. Akasema mama yako ananihesabu dereva, mtaa mzima unaniita Dereva. Mashine ikicheka watanipa lori. Ikinuna, nimeshindwa na ugonjwa, hakuna wa kunilaumu.

Nikamwambia kuhusu moyo. Sauti yangu mwenyewe niliisikia, ilikuwa kubwa!

"Nitasema mwenyewe," akasema. "Kesho. Na shangazi yako nitamsafisha."

Jumanne, 11 Machi

Kesho ndiyo leo. Amekunywa chai. Amesoma gazeti la juzi. Hajasema.

Asubuhi uso ulinuna. Mama hakushangaa, amesema mwizi akishikwa huiba mara ya mwisho. Na shangazi amefunga begi lake. Nguo mbili tatu, sufuria yake, chupa ya ile dawa. Nilimwuliza chini chini, ulijua? Akanitengeneza kola. "Nimemlea, nisimjue? Mwoga kaka yangu tangu zamani. Lakini akisemewa, hatasema tena maisha yake yote."

Na mimi niliyemshuku, hata hakunigombeza.

Sasa mama ananiita, njoo umuage shangazi yako. Yuko mlangoni, begi liko kichwani. Baba yuko bafuni. Maji yamefunguliwa, yanamwagika tu, hakuna anayeoga, mtu anayeoga husikika.

Mama ameita tena.

Nakuomba, ya baba yabaki hapa hapa, usimwambie mtu yeyote. Angalau mpaka nifike mlangoni.