Mpini Usiokunywa Maji

Jumanne, 1 Julai 2025

Basi nilikuwa nimefika pale Mwandu, yule mteja wa kutoka kijiji cha Mamba, anakiweka kisu kwenye meza yangu ya chakula pale stendi. Jana maharage yalifurika nikakimbilia jiko, nikaacha hapo hapo. Naendelea.

Kakiweka pembeni ya sahani ya samaki, wale migebuka. Kisu cha kukunja, kidogo, kinaenea kwenye kiganja. Mpini mweusi, una vimiraba kama mkeka, ukiugeuza kwenye jua vinacheza. Nikamwambia hiyo plastiki baba, umeuziwa. Akasema hapana mayu, ndivyo kwao wanavyoita mama, hii inaitwa kaboni faiba. Eti mpwa wake Mabula, yule mwenye pikipiki, alipewa na mzungu mmoja aliyempeleka mbugani, na yeye Mwandu akakipenda mpaka akatoa mbuzi jike wakabadilishana.

Mbuzi jike! Kwa kisu! Nikamuuliza, wewe ni Msukuma kweli au walikuchanganya siku ya kuzaliwa? Wateja wote wakacheka. Yeye alicheka wa mwisho, polepole, kama mtu anayetafuna.

Tatizo chuma kinayumba. Ukikifungua kinaenda kushoto kulia kama jino la mtoto. Akasema kule Mamba hakuna wa kukigusa, nyie wa mjini mna mafundi, nitengenezee. Mnada ujao nakuja kukichukua mwenyewe.

Mwenyewe. Alisema mwenyewe. Nilikuwa nachota mchuzi lakini nilisikia vizuri.

Rabia, shoga yangu wa meza ya jirani, angekuwepo nisingeshika kalamu, ningemwaga yote pale pale. Lakini tangu wahamie Ikola kule ziwani na mumewe kuanika dagaa, mezani pake kakaa kijana wa kusajili laini za simu. Masikioni kaziba na vile vidude. Unamwambia neno, anatoa kimoja, anasema "Eeh?", anakirudisha. Utaongea na huyo?

Mwandu ni wa kwanza tangu Rabia aondoke. Nikimpa stori anaacha kula. Mkono unabaki hewani na tonge lake mpaka nimalize. Siku ile nilimweleza ya harusi ya mwanangu Agatha kule Tabora, na mvua, na mpishi aliyezimia. Ugali ulimpoa. Akasema, "Halafu?"

Halafu! Nani ananiulizaga halafu siku hizi.

Alhamisi, 3 Julai

Fundi wa nini? Mimi nimekulia kwenye majembe. Shoka likilegea kwenye mpini unafanyaje? Unalitumbukiza kwenye maji linalala humo, mti unakunywa unavimba, asubuhi limebana hata ukilipiga halitoki. Baba yangu alikuwa anafanya hivyo, sisi wote tunafanya hivyo.

Mwandu kasema mpini siyo plastiki, basi ni mti; nimekiloweka kisu kwenye ndoo ndogo ya maji. Nikaongeza chumvi kidogo, maji yasinuke.

Akija ntamwambia fundi ni mimi hapa, kwa mikono yangu hii. Nataka nione atacheka vipi.

Biashara nzuri. Yule wa laini leo kaniambia "Shikamoo" bila kuulizwa.

Ijumaa, 4 Julai

Nimekitoa. Bado kinayumba. Nimekirudisha, labda mti wa Ulaya unakunywa taratibu.

Jumamosi, 5 Julai

Mungu wangu.

Mpini haujavimba hata kidogo. Maji yanateleza juu yake kama kwenye mgongo wa bata. Ila chuma! Kimeota kutu, nyekundu, na vile viskrubu vya pembeni vimekuwa kama mbegu za pilipili. Kisu hakifunguki. Nimevuta kwa meno — hakifunguki. Nikapaka mafuta ya kula nikakibana kwenye mlango, kikaniponyoka, paa! kwenye sakafu ya sementi. Kona ya mpini imenyofoka kidogo. Hapo penye jeraha pana vijiuzi vyeusi, vidogo, vinachoma kama katani. Kimoja kimeingia kidoleni na hakionekani, ila kipo, nikishika chumvi nakisikia.

Kisu cha watu. Mbuzi jike mzima.

Jumapili, 6 Julai

Baada ya misa nikampigia Rabia. Nikamweleza yote, na ya kisu, na ya "halafu". Akacheka! Akasema, "Wewe Bernadetha, mwanamme kakuachia pete yenye makali, na wewe umeiloweka." Nikamwambia koma, yule ni mteja. Akasema mteja wa nini, mteja anaacha deni, haachi kisu. Nikacheka mpaka nikakaa chini.

Ndo nataka nimwambie vizuri sasa, kwamba siyo utani sana, mara nasikia watu wanapiga kelele huko kwake. Upepo wa ziwa umeanza kubeba dagaa. Akasema ngoja shoga nakupigia.

Nimekaa na simu mapajani. Nikapika ugali, nikajikuta nimepika wa watu watatu tena. Mkono umeshazoea, hauulizi. Nimekula nimesimama mlangoni, angalau nione wanaopita. Mama mmoja kapita na kuku kichwani miguu juu. Nikamwambia huyo kuku kakosa nini? Akatabasamu, akapita.

Rabia hajapiga. Ni upepo.

Jumatano, 9 Julai

Nimekubali yaishe. Nimempelekea Bashiru, anayetengeneza simu na redio pale nyuma ya stendi. Kakigeuza, kakinusa. Kanitazama juu ya miwani.

"Mama Agatha. Umekiloweka?"

Nikaanza kukaza kanga kiunoni.

"Umekiloweka kisu? Kama maharage?"

Basi! Akaita wa duka la jirani, akaita muuza mitumba, njooni muone, Mama Agatha kaloweka kisu kiive! Na mimi nikacheka, ningefanyaje, ni kweli inachekesha. Mpaka nafika mezani kwangu, habari imeshanitangulia. Makondakta wananiuliza chumvi imekolea? Leo nimeongea na watu wengi kuliko wiki nzima. Bora ningeloweka na sufuria.

Lakini Bashiru anajua kazi yake. Ana bisibisi ndogo ya nyota ya kufungulia simu. Kafungua, mpini ukaachana mbavu mbili, kila moja nyepesi kama ganda la karanga. Akasema hii siyo mti, mama, wala siyo plastiki. Ni nyuzi, zimefumwa kama kitambaa zikagandishwa na gundi. Maji haiyataki, jua haliikunji, mafuta haiyanywi. Utakufa wewe nitakufa mimi, mpini upo. Ila ukiuangusha kwenye kona unanyofoka, na ukiuweka kwenye moto gundi inaachia. Nikamuuliza sasa kwa nini kilikuwa kinayumba? Akasema mpini hauna kosa, kilicholegea ni skrubu. Skrubu tu! Ingekazwa nusu mzunguko siku ile ile, mezani pale, na Mwandu kakaa anakunywa chai.

Nusu mzunguko. Basi asingekiacha. Angekitia mfukoni akaenda zake.

Nimewaza hilo njia nzima ya kurudi.

Kakisugua kutu, kile kidonda cha kwenye kona kakipiga msasa na gundi, kimekuwa laini hata ulimi hauchomi. Nimeulamba, ndiyo. Kinafunguka kwa kidole kimoja, klak! Hakiyumbi. Nimekionyesha stendi nzima. Nimemwonyesha hadi yule wa laini — katoa vyote viwili masikioni! Akasema, "Kali, mama." Nimewaambia wote: kisu kimepona, mwenyewe anakuja mnada huu kukichukua.

Alhamisi, 10 Julai

Nimesuka nywele. Kichwa kinauma, msusi alinivuta sana.

Ijumaa, 11 Julai

Mwandu kapiga. Eti haji. Mpunga bado uko shambani, ng'ombe wa watu wanaingia, hana wa kumwachia. Jumatatu atamtuma Mabula, ana safari yake mjini, atapitia achukue kisu.

Nikasema sawa baba.

Nikasikia ng'ombe. Akauliza, "Habari zingine, mayu?" Nilikuwa nazo! Ya kuloweka, ya Bashiru, ya kuku, zote nilikuwa nimezipanga. Nikasema nzuri tu. Salio lake likaisha.

Jumapili, 13 Julai

Nimekaa nafungua nafunga. Klak. Klak. Nyumba nzima inasikika hiyo tu.

Nimeona jambo. Kila kitu cha mkononi mwangu kina mimi. Mwiko wa ugali una alama ya kidole gumba hapa pembeni. Mchi umelika ninaposhika. Mpini wa jembe la marehemu baba Agatha, ukiushika gizani unajua ni wake, una mashimo yake. Hiki nimekishika siku zote hizi na mkono wenye mafuta, na jasho, na pilipili, nakifuta mara moja — kipya! Hakijanijua. Atakishika Mwandu, hatakuta kitu. Ile kona tu. Labda kidole chake kitapita pale kwenye kona kitasimama kidogo.

Mabula akikichukua, ndo basi. Kutoka Mamba mpaka hapa mtu anapita mbele ya mama lishe wangapi? Atakuja kwangu kwa sababu gani? Migebuka? Migebuka kila mtu anayo.

Nimemsikia jirani anaita watoto wake wakaoge. Na mimi nikasimama, kama nimeitwa.

Jumatatu, 14 Julai

Sijafungua biashara. Niko nyumbani, nimefunga mlango.

Nimeazima bisibisi kwa Bashiru, nimemwambia miwani yangu imelegea. Kanitazama. Mimi sina miwani.

Mpango ni huu. Natoa skrubu. Mabula akija namwambia mwanangu, fundi hajamaliza, kuna skrubu inaagizwa, tena kisu kama hiki mpaka mwenyewe akishike aseme kinamkaa mkononi au hakimkai, mkono wa mtu na mtu. Mwambie mjomba wako aje mwenyewe. Mnada wa mwezi ujao, au mpunga ukishaingia ndani, siku yoyote. Mwambie kuna stori ya kuloweka lakini haisimuliwi kwenye simu. Hilo la mwisho nalisema kama utani.

Moja imetoka. Ndogo! Kama yai la chawa. Nimeitia mdomoni isipotee kama ilivyopotea ile sindano ya cherehani. Naandika na mkono mmoja, wa pili unazungusha. Ya pili imetoka. Nayo mdomoni. Zina ladha ya mafuta ya Bashiru. Ubavu mmoja wa mpini umeachia, upo hapa juu ya ukurasa, mweusi, unang'aa, haujali kitu.

Pikipiki.

Mapema hivi! Imezimwa mlangoni kwangu kabisa.

"Mama Agatha! Hodi! Nimepitia kwa Bashiru, kasema kisu kiko fresh tangu juzi, stendi nzima wamekiona!"

Mdomo wangu huu. Si nilikionyesha mwenyewe, hadi kwa makondakta.

Nimechungulia kwenye upenyo. Ni Mabula. Siti ya nyuma kafunga dumu la mafuta na kamba, hakuna mtu mwingine.

Anagonga. "Mama Agatha, upo? Mjomba kasema nisiondoke hapa mpaka nikuone, kuna neno lake la —"

Neno gani? Neno la nini? Anaita tena, na mimi siwezi hata kusema abee, skrubu ziko mdomoni.