Vidonge Hivi si Vyangu

Jumanne, 4 Machi
Majibu yametoka. Mimi buheri wa afya! Miaka yote hii namezeshwa kila takataka, kumbe mbegu za mume wangu ndizo chache, tena zinajikokota. Daktari kamuuliza simu anaweka wapi. Nimecheka — fundi simu huyu! Kila simu akishaitengeneza hushinda nayo mfukoni mwa suruali, imewashwa, aone kama chaji inakaa. Siku nyingine simu nne! Daktari anasema watafiti bado wanabishana kuhusu mionzi, lakini ya nini kubahatisha? Azitoe mfukoni, na ameze antioksidanti — vitamini za kukinga mbegu zisiharibike — halafu baada ya miezi mitatu apimwe tena.



Jumatano, 5 Machi
Kaniletea chupa na glasi ya maji. Nimeze mimi! Ati si vitamini tu, nikimeza mimi zitamfikia na yeye. Nikamuuliza: ukiumwa jino, nikang'olewe mimi? Kanuna mpaka jioni.

Ijumaa, 7 Machi
Kameza. Chooni, kwa kujificha. Lakini mfukoni mwa suruali — simu tatu! Nimeishona mifuko ikazibika, suruali zote. Leo kaenda kazini na simu za watu kwenye kikapu changu cha sokoni. Nimecheka peke yangu.

Jumapili, 9 Machi
Mama mkwe kaja na wifi. Kaiona chupa juu ya friji. Afadhali umeanza kujitibu, binti, kasema, maana mwanangu anataka mtoto na subira ina mwisho. Wifi akaguna. Wanataka kumwozesha mke mwingine, hata kipofu anaona! Nikamtazama mume wangu. Anatazama kucha.

Zamani ningekimbilia jikoni nikalia. Leo sina chozi la kumpa mtu. Nimemwambia mbele yao: mwambie mama hizo dawa za nani. Nikaja huku chumbani — sikukimbia, nimempa nafasi aseme mwenyewe. Naandika mlango ukiwa wazi, nasikia kila kitu.

Mama mkwe anauliza, kwani za nani?

Kiti kinaburutwa. "Mama, kaa kwanza." Anakohoa. "Hizi dawa, mama..."

Simu inaita. Kapokea! Anamwambia mteja kioo chake kitakuwa tayari kesho, asiwe na wasiwasi.

Na mama yake naye kashaanza tena — huyu mwanamke, huyu mwanamke.

Haya. Natoka nikaseme mwenyewe.