Mshika Ngazi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama na kile kikohozi cha asubuhi kimepungua. Mimi mwanao sijambo, ila pua imebabuka kwa kushinda juani nikichora. Naandika kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza.

Nyumba niliyopanga ina baraza pana linalopata jua tangu asubuhi, lenye vyungu vya maua, meza ndogo na kiti kilichopauka. Nililitamani siku ya kwanza tu. Nikamwomba mama mwenye nyumba aniruhusu kulipaka rangi baraza lake. Nilikusudia kulichora, lakini kwa mtoto wa fundi rangi neno linalotangulia mdomoni ni kupaka. Alifurahi mno. Niliporudi kutoka sokoni na mapapai yangu ya kuchora, nikakuta baraza tupu. Vyungu kavipeleka uani, kiti hakipo, na ngazi imeegemezwa ukutani inanisubiri. Akanishukuru kabla sijafungua mdomo, akasema hajapata kuona mpangaji mwenye moyo kama wangu.

Ningemwambia nini? Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikapiga msasa, nikaziba nyufa, nikapaka kuanzia juu kushuka, kama nilivyokuona ukifanya enzi zile ukiniita Mshika Ngazi. Mapapai tuliyala mimi na yeye. Aliuliza nani alinifundisha, na nilipomwambia akacheka, akasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Nilifurahi kuliko siku yoyote niliyosifiwa picha.

Kisha vyungu vikarudi, nikalichora baraza. Wewe husema nachora matunda ambayo hata nzi hawayataki, lakini hii ungeitazama mara mbili. Ukuta ule nilikuwa nimeshaupapasa wote, nikajua jua linapokaa. Wamechagua picha hiyo iwekwe mlangoni kwenye maonyesho ya wiki ijayo, maonyesho yangu ya kwanza.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Dada ameniambia, na tafadhali usimgombeze, nilimbana mwenyewe. Mkono wako wa kulia unatetemeka, hata kikombe unashikiwa. Baraza la kwetu linabanduka rangi, na kila fundi anayeletwa unamfukuza ukisema, "Ukuta wangu haushikwi na mtu baki." Nililia, Baba. Kisha nikanawa uso, nikaenda kuwaambia wenye maonyesho wafungue bila mimi. Walinishangaa, na mimi kidogo nilijishangaa.

Mimi si mtu baki. Nitafika wiki ijayo na msasa wangu. Wewe weka kiti uani, mahali utakapouona ukuta wote, unikosoe mpaka uchoke. Ngazi ataishika Dada. Siji kulichora baraza lako, Baba. Nakuja kulipaka rangi.

Nisalimie majirani wote, na Dada umwambie asinunue rangi kabla sijafika, maana huwa anauziwa iliyozimuliwa kwa maji.

Ni mimi mwanao,
Mshika Ngazi, niliyepanda cheo